Kitambaa cha Saba

Zamani koti lile lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na mwenyewe hakutaka kusikia habari ya kulifua, kwa sababu nembo iliyotariziwa kifuani ingechuja. Ilikuwa nembo ya kiwanda cha kurutubisha urani cha nchi ya mbali, na bila nembo hiyo lile lingekuwa koti kama koti la muuza dawa yeyote. Alilivaa akifundisha, alilivaa akipokea wageni, na siku ya mkutano wa mwaka alilivaa juu ya suti, mchana wa jua kali, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Huyo ndiye mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa nyuklia, na akishageuza mgongo kitengo kizima kilimwita Bwana Koti.

Ili asimuliaye asionekane mchongezi, hadithi ya koti aliitoa Bwana Koti kwa kinywa chake. Miaka kumi na mitano nyuma alipelekwa kozi ya wiki tatu kwenye kiwanda hicho. Kila mgeni alipewa koti mlangoni, na wakati wa kutoka alitakiwa kulitumbukiza kwenye pipa la vitu vya kuteketezwa. Yeye akalikunja, akalisokomeza chini ya shati, akampita mlinzi huku akimsalimia. Kila mwaka aliisimulia habari hii kwa vijana wapya, kwenye somo la kwanza, nalo ni somo la kuzuia watu wasitoroshe vitu viwandani. Mtu anakufundisha kukamata wezi, na sifa yake kubwa ni kwamba aliiba! Na watu walicheka. Mtafiti wetu naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa na wiki moja kazini.

Mtafiti huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwenye shahada mbili na nafasi ya mwaka mmoja ambayo barua iliiita ya watafiti chipukizi. Kazi ya kitengo ilikuwa kuhakikisha kwamba urani yote ya nchi iko pale inaposemekana iko, haijapungua, haijaongezeka, wala hakuna mtu mwenye nia mbaya aliyeigusa. Ni kazi ya maana, mtu asikudanganye. Lakini kazi kuwa na maana hakumpi maana kila anayeifanya, na hilo binti alilibaini mapema. Alimdharau Bwana Koti. Aliwadharau maofisa wanane waliobaki, waliokuwa wakipitisha asubuhi nzima wakibishana kuhusu ukubwa wa herufi kwenye ripoti. Dharau yake aliilea kama kuku wa mayai, akaitafutia chakula kila siku, na jioni akiwa amelala kwenye kochi la dada yake alimwandikia rafikiye ujumbe mrefu wa kuwacheka wote, mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo, kochi. Alikuwa akiishi kwa dada yake, na mwenye nyumba alikuwa shemeji, muuza vipuri vya magari, mtu asiye na baya ila mdomo. Kila jioni mezani shemeji alimuuliza, "Haya mtafiti, leo umetafuta umepata?" Halafu akacheka peke yake. Dada alimkanyaga mumewe chini ya meza, na binti akatabasamu kwa meno bila macho. Alikuwa amekwisha kuapa moyoni kwamba akipata mkataba wa kudumu, siku hiyohiyo atahama na kochi atawaachia. Mkataba wa kudumu ulikuwa mmoja, wagombea wawili, na wa kupendekeza jina alikuwa Bwana Koti.

Sasa sikia mambo yalivyoanza. Kitengo kilipanga ukaguzi kwenye chuo kimoja cha sayansi, safari ya siku nzima kwa gari. Chuo hicho kina ghala dogo lenye mlango wa chuma, na ndani mna fimbo thelathini na mbili za urani ya kawaida, urani kama ilivyotoka ardhini, za kufundishia wanafunzi. Binti alisoma chuo hicho. Mtunza ghala alimjua tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yeye ndiye aliyemshikisha kipima mionzi mara ya kwanza na kumwonyesha namna ya kukishika bila kutetemeka. Wanafunzi walimwita Mzee wa Funguo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kwenye mlango uleule, na kila aliyeingia, hata fundi wa bomba, aliandikwa daftarini: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na alichokigusa.

Ukaguzi wenyewe, mtu asiyeujua anaweza kudhani ni usafi wa nyumba. Unakwenda na vitambaa vidogo vya pamba vilivyofungwa kila kimoja kwenye mfuko wake. Unavaa glovu, unapangusa ukuta, meza, kitasa, unakirudisha kitambaa kwenye mfuko wake, unakipeleka maabara. Huko kuna mashine inayoweza kuona chembe moja ya urani ambayo jicho lako halitaiona mpaka unaingia kaburini, na itakwambia chembe hiyo ni ya kawaida au imepitishwa kiwandani ikarutubishwa, yaani ikaongezewa nguvu. Ya kawaida chuoni ilikuwa halali. Iliyorutubishwa haikuwa na njia ya kufika pale ila kwa mkono wa mtu.

Binti alipangusa vitambaa sita. Kisha akatoa cha saba, akakifungua, akakishika hewani kwa muda uleule, akakifunga bila kugusa kitu. Mzee wa Funguo akauliza hicho cha nini. Akamweleza kwamba hicho ni kitambaa kitupu: kama uchafu umetoka kwa wakaguzi wenyewe na si kwenye ghala, cha saba kitawaumbua, kwa sababu chenyewe hakikugusa ghala. Mzee alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mashine mpya. "Hicho ndicho chenye akili kuliko vyote, binti yangu," akasema, na akaandika daftarini: kitambaa cha saba, kitupu, hakikugusa kitu.

Asichomwambia ni kwamba kitengoni vitambaa vitupu havipimwi. Bwana Koti alikuwa amepiga marufuku tangu zamani, akisema vinajaza foleni ya mashine bure. Mtu mwenye uzoefu, alisema, hujua usafi wake. Vilitupwa kwenye droo ya chini ya kabati, na droo ilikuwa imejaa mpaka haifungi. Vitambaa vya miaka kumi vilikuwa mle, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuulizwa neno.

Majibu ya vile sita yalitoka mwishoni mwa mwezi. Vitatu vilikuwa na chembe za urani iliyorutubishwa.

Mngemwona Bwana Koti siku hiyo! Mtu mzima alitembea kwenye korido akipiga vidole. Miaka yote alikuwa mkaguzi wa nchi isiyo na la kukagua, na sasa amepata lake. Aliwapigia wakubwa simu kabla hajakaa kwenye kiti, akatamka neno "magendo" mara nne katika dakika moja, akawaambia ameinusa harufu tangu siku ya kwanza, ingawa siku hiyo ya kwanza hakwenda, alibaki mjini. Jioni Mzee wa Funguo alisimamishwa kazi. Walimvua funguo kiunoni mbele ya wanafunzi, wakabadilisha kufuli, wakachukua simu yake na daftari zake za miaka thelathini na mmoja. Watoto wa mtaani kwake walikuwa wamekwisha kumtungia jina la Mzee Bomu kabla ya mwisho wa wiki.

Bwana Koti akamwita binti ofisini, akafunga mlango kwa upole wa mtu anayegawa zawadi. Ripoti ingekwenda kwenye kikao cha tarehe kumi na mbili, akasema, na jina la kwanza juu ya ripoti lingekuwa la binti, kwa kuwa yeye ndiye aliyepangusa. Mkataba wa kudumu nao atauandikia jina lake. Tayari alikuwa amewaambia wa utumishi. Binti akashukuru. Alitoka pale moyo ukimdunda, na ni haki kusema kwamba nusu ya kudunda huko ilikuwa furaha.

Nusu nyingine ilikuwa Mzee wa Funguo. Hakuamini. Mzee yule alikuwa akirudisha hata kalamu ya mgeni, atauza vipi urani? Basi binti akafanya jambo la akili, la kwanza na la mwisho katika hadithi hii: alikwenda kwenye ile droo, akatoa kitambaa cha saba, akampelekea fundi wa mashine.

Fundi wa mashine alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye maneno machache na kicheko kingi, na alimwita binti mdogo wangu. Alikipenyeza kitambaa kati ya kazi za watu wengine bila kumwambia yeyote. Tarehe tatu, asubuhi, majibu yakatoka. Kitambaa cha saba, ambacho hakikugusa ukuta, meza wala kitasa, kilikuwa na chembe zilezile. Urani haikutoka ghalani. Ilikuja na wakaguzi.

Wakaanza kuulizana. Vitambaa vilifungwa wapi? Chumba safi, mjini, ambako mtu haingii ila kwa nguo mpya za karatasi na glovu jozi mbili. Nani aliingia? Binti akakumbuka, na uso ukamwiva. Siku ya kufunga vitambaa alikuja mpiga picha wa taasisi, na Bwana Koti akataka aonekane kazini. Aliingia na koti lake. Alitoa glovu mfukoni mwa koti lake. Alivishika vitambaa kimoja kimoja, akaviinua kwenye mwanga, akakunja uso kama mtaalamu, picha ikapigwa, ya pili ikapigwa, ya saba ikapigwa. Koti ambalo lilitakiwa kuteketezwa kwa moto kwa sababu ya vumbi lililobeba, lisiloona maji miaka kumi na mitano, ndilo lililomwaga vumbi lake juu ya vitambaa, vingine vikapata, vingine vikakosa.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha kicheko kikamtoka usoni chote. Alichapa karatasi, akaweka sahihi na muhuri, akamkabidhi. "Mimi nimeshamaliza. Mdogo wangu, peleka leo. Kuna mtu anateseka."

Binti akasema ndiyo, dada, leo hii hii.

Hakupeleka. Alitoka maabara akiwa na nia kabisa, tusimsingizie, akapanda ngazi, akafika ghorofa ya mkuu wa kitengo. Mlangoni akakutana na karani wa utumishi, ambaye alimwambia kwa tabasamu kwamba mkataba wake uko kwenye mzunguko wa sahihi, siku saba au nane tu, asiwe na haraka. Binti akasimama palepale mlangoni. Alihesabu. Akimwaibisha Bwana Koti leo, jina litafutwa kesho. Akingoja sahihi, atamwaibisha na hakuna wa kumgusa. Kikao ni tarehe kumi na mbili. Mzee hatafungwa kabla ya kikao. Siku tisa ni nini kwa mtu aliyengoja miaka thelathini na mmoja mlangoni? Na tena, alijiambia, akiwa na mkataba atasaidia watu wengi zaidi, sio mzee mmoja. Mtu akitaka kujidanganya, shahada mbili humsaidia sana. Aliirudisha karatasi kwenye bahasha, na bahasha akaitia kwenye mkoba.

Usiku huo shemeji alimuuliza kama ametafuta amepata. Kwa mara ya kwanza binti alijibu. Alisema amepata, na kwamba mwezi hautaisha kabla hajahama. Shemeji akatikisa kichwa kwa heshima, na binti akala sahani mbili.

Tarehe tano simu yake ililia, namba ngeni. Alikuwa Mzee wa Funguo, kaazima simu ya jirani. Hakulalamika. Aliuliza hali ya nyumbani kwao, akaulizia masomo kana kwamba binti bado ni mwanafunzi, akazunguka kidogo, ndipo akatua.

"Binti yangu, kile cha saba mmekipima?"

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani.

"Bado, mzee," binti akasema.

Mzee akaeleza kwamba uongozi wa chuo umemletea barua ya kustaafu kwa hiari, eti akiisaini mambo yataisha kimya kimya na familia itaachwa kwa amani. Mkewe amesimamishwa kwenye kikundi cha akina mama. Mkwewe amekataza wajukuu wasije. Lakini yeye, akasema, amewaambia hasaini kitu, anasubiri kitambaa chake. Ila amesikia kwamba huko mjini vitupu havipimwi. Ni kweli?

Hapo palikuwa na mlango, wazi kabisa, hata mtoto angeuona. Binti angesema neno moja. Badala yake akasema ni kweli kwamba huwa havipimwi, na foleni ya mashine ni ndefu, na yeye binafsi hadhani kama kitapimwa karibuni. Alisema kwa sauti ya huruma, ile sauti laini ya watu wa ofisini wanaokunyima kitu. Mzee akamshukuru. Akamwambia asijisumbue sana, asije akaharibu kazi kwa ajili ya mtu mzima.

Siku zilizofuata binti alifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Alirekebisha ripoti ambayo alijua ni ya uongo, akapanga majedwali yake vizuri, akanyoosha mistari. Alimchukia Bwana Koti kuliko wakati wowote, na chuki hiyo ilimpa usingizi mzuri, kwa sababu kila alipomfikiria mzee aligeuka haraka akamfikiria Bwana Koti. Fundi wa mashine alimuuliza mara mbili kwenye korido, amepeleka? Mara ya kwanza alisema anatafuta wakati mzuri. Mara ya pili fundi hakumwita mdogo wangu.

Tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, mkataba ulisainiwa. Binti alichukua nakala yake, akaipiga picha, akamtumia dada.

Tarehe kumi na mbili akasimama kwenye kikao. Wakubwa kumi na mmoja mezani, maji ya chupa, Bwana Koti kwenye kiti cha mbele akiwa ndani ya koti. Binti aliwasilisha vitambaa sita kama ilivyopangwa, na kila mtu akaandika. Kisha akasema, kuna cha saba. Akaweka ukutani karatasi ya fundi, akaeleza, akaonyesha zile picha za chumba safi zilizokuwa kwenye ukurasa wa taasisi wenyewe: huyu hapa, koti hili hapa, glovu hizi zinatoka mfuko huu. Macho yote yakahamia kwenye koti, na jirani wa Bwana Koti akasogeza kiti chake, taratibu, huku akijifanya anatafuta kalamu.

Mnadhani mtu huyo aliona haya? Kuona haya kunataka kiungo ambacho yeye hakuzaliwa nacho. Alisimama, akapiga makofi, akasema hili ndilo alilokuwa akiwafundisha vijana siku zote: kujihoji. Akapendekeza hapohapo iandikwe makala ya kitaalamu juu ya uchafuzi wa sampuli, yeye akiwa mwandishi wa kwanza kwa sababu ya uzoefu wake wa karibu na suala lenyewe. Wakubwa wakashusha pumzi. Kumbukumbu za kikao zikaandika "hitilafu ya kimchakato", na koti likatiwa kwenye mfuko mzito wa plastiki kwa unyenyekevu kama vazi la marehemu. Mwezi uliofuata Bwana Koti alialikwa ng'ambo kwenda kutoa mada juu ya makosa.

Na binti? Binti alikuwa shujaa. Walimpa mkono kwenye ngazi. Mkubwa mmoja alimwambia nchi inahitaji vijana wenye uti wa mgongo. Rafiki yake alimwandikia kwamba amelia. Si shida kuwa na uti wa mgongo ukiwa na mkataba mkobani, lakini nani alikuwa na haja ya kuuliza tarehe? Alipongezwa siku nne mfululizo, na siku ya tano alikuwa amekwisha kuamini.

Barua ya kumsafisha mzee iliandikwa na ofisi ya sheria. Haikuwa na neno samahani. Binti aliona ni nyembamba mno, akapigania iambatishwe karatasi ya maabara, ili ushahidi wa kitambaa cha saba ukae mkononi mwa mzee mwenyewe milele na asiweko wa kumzushia tena. Alipigania kweli, mpaka wakakubali. Kisha akaomba aipeleke yeye. Njia nzima garini alikuwa akipanga atakavyosema, na, tuseme ukweli, atakavyoshukuriwa.

Nyumba ya mzee ilikuwa ndogo, ya matofali, na ua umefagiwa. Mkewe alifungua, akamkaribisha, akamwekea chai bila kumtazama sana. Mzee alikuwa amekaa dirishani na shati la kazini, lile lenye mfuko wa kalamu, limepigwa pasi. Alikuwa amekonda. Alimwita binti yangu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akauliza njia ilikuwaje. Binti akampa bahasha. Akasema kwa haraka kwamba amesafishwa, kabisa, hakuna doa, kitambaa cha saba kimesema.

"Nilijua kitasema," mzee akasema, na akavaa miwani.

Alisoma kama alivyosoma kila karatasi iliyopita mlangoni kwake kwa miaka thelathini na mmoja: kwanza muhuri, kisha sahihi, kisha tarehe, mwisho maneno. Barua aliimaliza upesi. Akafungua kiambatisho, na hapo akakawia. Binti aliona kidole chake kimesimama pembeni mwa karatasi, juu, kulia. Chai ilikuwa ya moto na binti akainywa hivyohivyo.

"Hii imetoka tarehe tatu," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilikupigia tarehe tano."

Mkewe, aliyekuwa anaelekea jikoni, akasimama.

"Tarehe tisa nikasaini kustaafu," mzee akaendelea, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma daftari. "Niliwaambia sisaini mpaka kitambaa kipimwe. Ukaniambia hakitapimwa. Nikaona basi, hakuna tena ninachokingojea."

Kustaafu kwa hiari hakurudishwi, chuo kilikuwa kimekwisha kumwajiri mtu mwingine mlangoni, kijana asiyejua hata kuandika saa ya kutoka. Binti hakulijua hilo mpaka dakika hiyo. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Akaanza kueleza, maneno yakija ovyo: kwamba kulikuwa na mkataba, kwamba angeongea mapema wangemfukuza na karatasi ingepotea, kwamba hata yeye alikuwa hana pa kulala, kwamba Bwana Koti ndiye...

"Mkataba ulisainiwa lini?"

"Kumi na moja," binti akasema.

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akavua miwani, akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akaitia kwenye bahasha pamoja na kiambatisho. Hakumtukana. Binti alitamani amtukane, angepata angalau cha kumjibu.

"Mama Watoto," mzee akasema, akimgeukia mkewe, "mgeni anaondoka. Msindikize mpaka kwenye gari."

Mkewe akachukua kikombe mezani, kikiwa na chai nusu, akaenda kufungua mlango.